Simu ya Bwana Mifugo na Kompyuta Yangu

Mume wangu alipopunguzwa kazini, alirudi nyumbani na ujuzi wake na pikipiki kuukuu aliyoinunua kwenye mnada wa serikali. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila mtu akiambiwa ajitegemee, naye akaamua kuendelea na kazi aliyoijua: kutibu ng'ombe wa maziwa na kuwapandikiza mbegu. Watu waliendelea kumwita Bwana Mifugo kama vile hakuna kilichobadilika. Mimi nilikuwa na duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Bombambili, Songea, lenye kompyuta moja ya mezani. Hatukukaa kikao chochote, lakini duka langu likageuka kuwa ofisi yake.

Kazi ya kupandikiza mbegu haingoji. Ng'ombe akionekana ana joto asubuhi, yaani anataka dume, anatakiwa kupandikizwa jioni ya siku hiyohiyo. Ukikosa, unasubiri wiki tatu nyingine, na mwenye ng'ombe anaendelea kulisha mnyama asiyempa kitu. Kisha kuna siku za kurudi: kuangalia kama joto limerudi, kupima mimba, kumkumbusha mwenye ng'ombe aache kukamua maziwa mimba ikifika mwezi wa saba. Wateja wengine walinipigia mimi dukani, wengine walimpigia yeye akiwa njiani. Yeye aliweka miadi yake kwenye kalenda ya simu, mimi nikaiweka yangu kwenye kalenda ya kompyuta. Tukawa na kalenda mbili zisizojuana.

Siku moja alikwenda Hanga kama alivyoahidi wafugaji wa huko, kumbe mimi nimemwahidi mama mmoja wa hapa mjini kwamba atafika kwake jioni ileile. Mama yule alikuwa mjane, na ng'ombe wake mmoja ndiye aliyemsomeshea watoto. Alikaa bandani mpaka giza likaingia. Kesho yake akaja dukani. Nikampa shikamoo, akaitikia, akasimama mbele ya meza yangu.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "mngeniambia hamji, ningetafuta dume la jirani."

Angenitukana ningeumia kidogo. Upole ule ulinikosesha hamu ya kula. Siku hiyo niliamua kwamba simu ya mume wangu na kompyuta yangu zitazungumza, zitake zisitake.

Simu ilikuja na CD ya kuiunganishia na kompyuta, ila CD hiyo ilifanya kazi tu kwenye mfumo ule wa kompyuta ambao watu wengi walikuwa nao, na mimi nilishaachana nao. Diski za wateja zilikuwa zimeijaza mashine yangu virusi mpaka ikawa haiwaki vizuri. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa kompyuta katika chuo cha hapa mjini, ndiye aliyeifuta yote na kuweka mfumo wa bure, ambao yeyote anaruhusiwa kuunakili, kuufungua na kuubadilisha. Virusi vikawa historia. Lakini CD ya simu ikawa ya kutundika dirishani kufukuzia ndege.

Nilimuuliza mwalimu kama kuna namna. Alisema hajawahi kuona mtu amefanya, ila katika mfumo huu hakuna mlango uliopigwa kufuli. Shida ni kwamba hakuna atakayekuja kutufungulia.

Basi tukaanza. Mume wangu alikuwa akirudi mchana kula, na akimaliza anajilaza kwenye benchi la wateja. Hapo ndipo tulipomnyang'anya simu. Mwalimu alichapa maelekezo kutoka internet kafe, kurasa na kurasa za Kiingereza, zilizoandikwa na watu waliokuwa wakibishana wenyewe kwa wenyewe. Tuliagiza kidude cha bluutuzi kutoka Dar, kikaja na basi kimefungwa ndani ya soksi. Simu na kompyuta zikatambuana: unaandika namba huku, unaiandika tena kule, zinakubaliana. Tulifurahi mapema mno. Kila tulipojaribu kuhamisha kalenda yenyewe, kompyuta ilitema mstari mmoja wa kosa na kunyamaza. Tukitatua kosa hilo, linakuja jingine ambalo hatujawahi kuliona. Mwalimu alisema tushukuru, kwani kosa jipya lina maana tumesogea.

Mume wangu aliyasikia yote kutoka kwenye benchi. Alituambia ng'ombe wamekuwa wakizaa tangu enzi za babu zake bila bluutuzi. Tukaendelea na kazi.

Ikaja alasiri ya mvua, mabati yakipiga kelele na mwalimu akiwa chuoni anafundisha. Nilikuwa peke yangu mezani, mume wangu amelala kwenye benchi. Niliandika amri ileile, nikabadilisha sehemu moja tu tuliyokuwa tumeishuku jana yake, nikabonyeza. Mistari ikaanza kushuka, ikapita pale ilipokuwa ikikwama, ikaendelea. Nilipofungua kalenda, miadi ya mume wangu yote ilikuwa mle ndani, na majina ya vijiji kama alivyoyafupisha mwenyewe.

Nikatazama vizuri. Ng'ombe wa saa mbili asubuhi alikuwa amewekwa saa kumi na moja alfajiri. Wa saa kumi na moja jioni amekuwa wa saa nane mchana. Wote wamerudi nyuma saa tatu. Nilifikiri mpaka nikakumbuka ile ramani ya dunia, ya kuchagua mahali ulipo, iliyotokea siku tulipoweka mfumo. Nilitafuta Songea, sikuiona, nikabonyeza kuendelea, halafu saa nikaja kuirekebisha kwa mkono. Kumbe moyoni mwake kompyuta ilijiona bado iko Ulaya. Nikairudisha kwetu kwa kuchagua Dar es Salaam, nikarudia kazi yote. Kila ng'ombe akakaa kwenye saa yake.

Kisha nikaandika miadi mipya kwenye kompyuta, nikaipeleka kwenye simu, nikamwamsha mwenye simu. Aliisoma, akakunja uso.

"Hii sikuiandika mimi."

"Nimeiandika mimi. Kwenye kompyuta."

Alinitazama, akaitazama simu tena. Kisha akavaa koti la mvua, akavuka barabara kwenda kumwonyesha fundi cherehani.

Joto la ng'ombe wa mjane liliporudi, mume wangu alifika kwake kabla ya jua kuzama. Siku zote za kurudi nilizipanga papo hapo kwenye kompyuta, nazo simu ikamkumbusha moja baada ya nyingine, hata alipokuwa mbali kwenye mashamba ya tumbaku. Mimba ilipothibitika, nilimpelekea mjane habari ya wiki tuliyotegemea ng'ombe azae. Wafugaji wengine waliposikia, walianza kuja dukani kuuliza tarehe za ng'ombe wao. Mabwana mifugo wenzake wawili nao wakaja na simu zao, nikawaunganisha.

Wiki ile ilipofika, mjane alituma mtu kutuita. Nilifunga duka mchana kweupe, nikapanda nyuma ya pikipiki. Ndama alikuwa jike, bado ana majimaji mgongoni, anajaribu kusimama. Mjane alimpita mume wangu, akaja kunishika mimi mikono yote miwili.

"Wewe ndiye uliyeitaja wiki hii?"

"Ndiyo, mama. Mimi."

Niliitamka ile *mimi* kwa sauti ya kutosha, hata mume wangu, aliyekuwa ameinama akimkagua ndama, akainua kichwa na kucheka.