Kilima cha Wajomba

Benki ya mjini Ngara ilimhudumia mama yangu miaka mingi bila kitambulisho cha taifa. Sheria ilikuwepo, imebandikwa ukutani mpaka karatasi ikageuka njano, na hakuna aliyeijali. Mama alitoka Bugarama na barua ya mtendaji wa kijiji, akapewa malipo yake ya kahawa, akarudi nyumbani.

Msimu uliopita, dada wa dirishani aliirudisha barua bila hata kuifungua.

"Shikamoo bibi. Kuanzia leo, bila kitambulisho hakuna huduma. Agizo limetoka juu."

"Marahaba mwanangu. Mbona juzijuzi nilichukua?"

"Juzijuzi ni juzijuzi, bibi."

Nilipandwa na hasira. Nilitoa maneno ambayo mwalimu wa shule ya msingi hapaswi kuyatoa mbele za watu, mpaka mlinzi akanisogelea. Ujinga wangu ni kwamba nilidhani tunachogombania ni pesa za msimu mmoja.

Kesho yake nikampeleka mama ofisi ya vitambulisho kuomba chake. Njiani nilimfundisha: taja mwaka wako taratibu, usichanganye Kihangaza, majina yafuate cheti cha ubatizo. Mahali pa kuzaliwa sikupagusia. Ningewazaje? Amelima Bugarama tangu apate akili, baba yake amezikwa pale, na sisi wanawe sita tumezaliwa pale.

Afisa alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Nilijitambulisha, akaanza kujaza fomu. Jina. Jina la baba.

"Umezaliwa wapi, mama?"

Mama akatabasamu, na hapo ndipo nikakumbuka. Zamani kwetu, mwanamke alirudi kwa wazazi wake kujifungua mtoto wa kwanza, na mama ndiye alikuwa wa kwanza kwa bibi, mama yake. Kwao bibi ni ng'ambo ya mto Ruvubu, upande wa Burundi. Enzi zile watu walivuka kwenda harusini na kurudi, hakuna aliyemwuliza mtu chochote. Mama akakitaja kilima wanakoishi wajomba zake kwa majivuno, akaongeza na ukoo wao, kama anavyofanya kila akitaka kumpa mgeni heshima. Nilimkanyaga mguu. Akausogeza.

Kalamu ikasimama.

"Ng'ambo?"

"Eeh, ng'ambo. Wajomba zangu wengine bado wapo."

Afisa aliandika neno moja: Burundi. Kisha badala ya kuiweka fomu ya mama kwenye rundo la wenzake, akaiweka peke yake kwenye droo ya chini, akafunga kwa ufunguo.

"Mtaitwa," aliniambia, bado kwa upole uleule. "Na wewe mwalimu utakuja. Uje na vyeti vya kuzaliwa vya ndugu zako wote."

Nilitaka kumwuliza sababu, nikaogopa kusikia neno uraia.

Nje, mama alijifunga vizuri kitenge chake. Alikuwa amefurahi.

"Umeona? Huyu ana adabu kuliko wale wa benki. Amenisikiliza mpaka habari za wajomba zangu."

"Nimeona, mama," nikasema.