Baba Aliniuliza Nimeona Nini Chini ya Pikapu

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na tunaishi Kayole. Mhariri ameahidi kuficha jina langu na namshukuru. Mimi ni mtu wa aibu. Darasani nikiulizwa swali, hata kama jibu ninalijua, natazama dawati. Labda ndiyo maana naweza kuyaandika haya na siwezi kuyasema.

Baba alifanya kazi kiwandani mpaka mgongo ukamharibikia. Sasa anataka kurudi nyumbani, magharibi, akalime miwa. Huko ana trela ya magurudumu mawili, na alichokosa ni pikapu ya dizeli ya kuivuta ikiwa imejaa miwa, ateremke nayo kilima cha kwetu hadi darajani, kisha apande ng'ambo kwa wanaopika sukari guru. Kile kilima hata baiskeli tunashuka tukiikokota.

"Gari la kuvuta halitazamwi usoni," baba alinifundisha. "Linatazamwa mgongo. Chasisi, hiyo fremu ya chini, ikiwa na jeraha, trela itamalizia." Lakini yeye hawezi kuinama. Kwa hiyo kila tulipokwenda kuona gari, mimi ndiye niliyetandika gunia nikaingia chini. Ananiita Mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

Pikapu ya kwanza ilikuwa ya Mama Halima, anayeuza chakula cha kuku na ng'ombe hapa hapa Kayole. Rangi imebabuka, mlango mmoja umefungwa kwa kamba, na ndani inanuka omena, wale dagaa wa kulisha kuku. Aliiwasha ikiwa baridi, ikashika mara moja.

"Mzee, mimi siuzi rangi," Mama Halima alisema. "Hii imenibebea magunia tangu kitinda mimba wangu hajazaliwa. Hiyo kamba ya mlango nakupa bure."

Baba akacheka. Mimi nikaingia chini, nikaona matope, grisi kuukuu na chuma kilichonyooka kama rula. Nikamwambia hivyo hivyo.

Ya pili tuliiona kwa dalali mmoja karibu na Kware. Ya samawati, milango minne, inang'aa. Dalali alikuwa kijana mwenye miwani ya jua. "Mzee, hii ni chuma ya wadosi, watu wa pesa! Siste, hebu kaa hapo nyuma uskie vile kuko."

Nikakaa. Wasomaji, sitawaficha. Kiti kilikuwa laini, na kioo kilishuka na kupanda bila kukwama. Nikajiona nikishushwa langoni pa shule, mbele ya wale wasichana wanaoniita Bubu. Halafu nikaiwaza ile ya Mama Halima pale langoni, na kamba yake, na omena yake.

Ndipo nikaingia chini. Chasisi yote ilikuwa imepakwa rangi nyeusi, mbichi. Nyuma, karibu na mahali ambapo ndoano ya trela ingefungwa, niliona mstari umevimba umekata chuma upande hadi upande, kama kovu la mtu aliyeshonwa. Niliugusa. Kidole kikatoka cheusi.

"Mama, umeona nini?" baba akauliza kutoka juu.

Nilitoka nimekificha kile kidole kwenye mkunjo wa sketi. "Ni safi, baba."

"Safi kuliko ile?"

"Kuliko ile."

Kesho yake ikawa yetu.

Jumapili watu wa kanisa walikuja kuiombea. Waliizunguka, wakaweka mikono kwenye boneti, na mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno. Baba akajibu, "Mimi ningeona rangi tu. Huyu binti yangu ndiye aliyeingia chini. Huyu ndiye macho yangu." Akina mama wakapiga vigelegele. Mama yangu akanisukuma mbele nami nikatazama viatu vyangu. Badala ya kusema neno, nikaimba wimbo pamoja nao.

Siku chache baadaye baba alinifuata shuleni nayo. "Bubu! Kumbe nyinyi ni wadosi?" msichana mmoja akapiga kelele, na wote wakageuka. Nilikuwa nimeingojea siku hiyo sana. Furaha ilidumu mpaka kwenye mashimo ya kuingilia mtaani kwetu. Chini ya kiti changu kitu kililia, kwaa.

"Springi hizo," baba akasema, akaendelea kupiga mluzi.

Nilienda kwa fundi anayechomelea vitanda na milango njiani mwa shule. Nikamchorea ule mstari wa chasisi kwenye daftari, nikasema ni swali la fizikia. Alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka. "Dadangu, chasisi hiyo ilikatika ikaungwa. Gari hilo bila mzigo litatembea. Lifungie trela iliyojaa, uliteremshe mlima, hapo ndipo litakatika. Na trela haina breki, itawafuata. Nani ananunua gari hilo?"

Nikafunga daftari.

Shule ikifungwa, familia nzima inahama. Baba ataendesha, mama na wadogo zangu wawili watakaa nyuma, pale kwenye kiti laini. Miwa ya kwanza, aliyopandiwa na jamaa huko nyumbani, iko tayari kupakiwa kwenye trela. Nikisema, baba atajua gari lake ni bovu, na atajua pia kwamba sikukosea kwa kutoona. Niliona, nikachagua lango la shule. Nimejaribu kumwambia mara tatu. Mara ya mwisho nilimkuta nje na mchoraji wa mabango, rangi bado haijakauka. Kwenye mlango wa nyuma wa pikapu, juu kidogo ya pale ndoano itakapofungwa, alikuwa ameandikisha jina langu kwa herufi kubwa nyeupe. "Limekaa vizuri, Mama?" akaniuliza. Nikaitikia kwa kichwa.

Asubuhi ya safari najua atanipa lile gunia tena nikague chini. Nyinyi mlio na watoto, na nyinyi mliowahi kuwadanganya wazazi wenu, nisaidieni kabla ya siku hiyo. Akiniuliza kutoka juu, "Mama, umeona nini?", nianze na neno gani?