Nukta Tatu Chini ya Kiti

Wakaaji wote wa Kisangani wanajulishwa kwamba usalama umerejea kwenye kingo zote za mto, na kwamba mali ya kila raia inaheshimiwa. Hivyo ndivyo redio ilivyotangaza Jumatatu moja ya mwaka 2000, mara mbili, ili asiwepo wa kusema hakusikia.

Jumanne komanda mmoja aliingia karakana ya seremala Tonton Amuri akibeba kiti cha Kimarekani. Amuri alikitambua kabla hakijatua chini. Kiliachwa Yanonge na mmisionari wa zamani, kikanunuliwa na Mama Kavugho, muuza jumla, ambaye sasa amekimbilia Opala. Mwaka jana Amuri mwenyewe alikitengeneza, na chini ya kikalio akachoma nukta tatu kwa msumari wa moto, kama afanyavyo kwa kila kazi yake.

Jirani wa Amuri aliyetambua baiskeli yake mwenyewe mikononi mwa askari alipelekwa kutoa maelezo. Wiki ya tatu hiyo, bado alikuwa anaeleza.

"Inatikisika," komanda alisema, akavuta kigoda, akakaa. "Piga misumari. Nangoja."

"Kiti hii haina musumari, Commandant. Hata colle ya kugandisha haina."

"Alors inashikana na nini? Na sala?"

"Muguu ilitobolewa ikiwa mubichi, kijiti ya kuunga miguu ilikuwa mukavu. Muguu ikikauka, inabana kijiti."

Amuri alichukua kijiti kilichokaa miezi juu ya moshi wa jiko la mkewe, akakigonga taratibu mahali pa kile kilicholegea. Unyevu wa mto ungekivimbisha, kingekaza. Nyundo ikampata kidole. Akaendelea kugonga.

Komanda akapindua kiti. "Hizi nukta?"

"Alama ya... ya Mumarekani."

"Ah bon," akajibu, akiwa amekalia nukta tatu nyingine, za kigoda.

Akainuka kuondoka. Kisha, kama mtu aliyesahau kofia, akarudi, akakipindua kigoda. Akakitazama sana. Amuri alihesabu hatua hadi mlangoni: nne. Komanda alikuwa amesimama kwenye ya tatu, akiziba njia.

"Donc Mumarekani ni wewe, tonton." Akacheka, peke yake. "Na kiti ni ya nani?"

"Yako, Commandant."

"Voilà fundi! Tutakuletea kazi."

Kufika Jumamosi, karakana ilikuwa imepokea viti kumi na kimoja. Hakuna hata kimoja kilicholetwa na mwenyewe.