Viti vya Jirani na Bei Ndogo ya Umeme

Mama yangu hajawahi kuwa maskini. Atakuambia mwenyewe, ukimkuta kwenye shamba lake la mpunga nje kidogo ya Kasongo, amejifunga kitenge kilichopauka mpaka maua yake hayajulikani tena yalikuwa maua gani. Atakuambia kwamba yeye amekosa feza tu, na kukosa feza ni jambo linaloweza kumpata mtu yeyote, kama mafua. Maskini ni mtu mwingine, anayekaa mahali pengine, na kila Jumapili mama humtolea sadaka.

Mimi ni mwalimu kule Kabambare. Likizo ikifika hupanda pikipiki, ile barabara ikanitesa inavyotaka, nikashuka Kasongo nikiwa na rangi moja na vumbi. Mwaka ule kampuni ya sola ilipoanza kuuza umeme mjini, nilimkuta mama amesimama mlangoni akinisubiri. Hata salamu hakunipa vizuri.

"Umeme unafika mpaka avenyi yetu," aliniambia kabla sijashusha mguu. "Na redio imesema kuna watu fulani watapewa bei ndogo."

"Watu gani, mama?"

Akatazama upande wa kuku wake. "Watu fulani."

Asubuhi yake tulikwenda kwenye biro ya kampuni kuulizia. Maneno yalikuwa yamebandikwa ukutani, na mtu mmoja akayasoma kwa sauti kwa faida ya wote. Nyumba yenye kipato kidogo ingeungiwa umeme karibu bure, kisha ingeununua kwa bei ya chini kuliko nyumba nyingine. Lakini isiwe na frigo ya kupoza vyakula, isiwe na biashara kubwa, shefu wa avenyi, yaani mkuu wa mtaa, aitolee ushahidi, na ajenti wa kampuni aje kuiona kwa macho yake.

Sijawahi kuona mji wetu ukiwa fukara kama ulivyokuwa kwenye ule mstari. Muuza nguo mmoja ninayemfahamu, mwanamke ambaye sokoni hupita kama harusi, alikuja na kitenge kilichochanika begani. Mzee mmoja alikuwa amevua viatu na kuvificha chini ya koti, na kila alipoinama kimoja kilichungulia. Watu walikohoa sana. Katikati yao alisimama mama yangu, wima, amevaa kitenge cha sikukuu cha akina mama wa parokia, kilemba juu, na pafyumu niliyomletea Krismasi.

Ajenti, mtu mpole mwenye miwani, alimtazama na kusema, "Mama, wale wa bei ya kawaida wanapita mlango ule mwingine."

"Nimekuja kwa bei ya watu fulani," akajibu mama.

Ajenti alielewa. Akamwonyesha kiti. "Sawa. Mama, kipato chenu kikoje?"

"Mungu anatusaidia."

"Ni kingi ao kidogo?"

"Kinatosha."

"Hakitoshi," nikadakia mimi, na papo hapo kisigino cha mama kikatua juu ya kidole changu cha mguu.

Ajenti akasema atakuja nyumbani siku ya Alhamisi pamoja na shefu wa avenyi. Tulipokuwa tukirudi nilimweleza mama polepole, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu, maana ya ziara ile. Naye aliitikia kwa kichwa njia nzima. Baadaye niligundua kwamba katika maneno yangu yote alikuwa amechukua moja tu: wageni.

Siku mbili zilizofuata nyumba yetu iligeuzwa juu chini. Ukuta wa mbele ulipakwa udongo mweupe. Sakafu ilisiribwa upya. Jogoo alifungwa mguu. Kila nilipojaribu kusema neno, mama alinipa ufagio.

"Mama, hawa watu wanakuja kuona kama tuko na shida."

"Mutu anatoka mbali vile kuja kuangalia shida? Kwao hakuna shida? Angebaki kuangalia yake."

Kisha akavuka kwenda kwa jirani.

Jirani yetu ni mwanamke aliyetoka Kivu. Alifika kwetu akifuata dhahabu, akakaa kidogo machimboni, kisha akaona kuna nafuu zaidi katika kuwauzia wachimbaji nguo na simu. Hasali kanisani kwetu, na chakula chetu kwanza kilimshangaza, lakini mama alimpelekea sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, siku aliyohamia na tangu siku ile wakawa mtu na binti yake. Ndani kwake kulikuwa na fotei nne nyekundu, meza ya kioo, mapazia yenye kung'aa, televizyo, na frigo iliyokuwa ikisubiri umeme kwa hamu kuliko sisi sote.

"Binti yangu," mama akamwambia mbele yangu, "uniazime viti vyako Alhamisi. Niko na wageni."

"Wageni gani, mama?"

"Wa umeme. Wanakuja kuona nyumba."

Jirani alizitazama fotei zake. Baadaye ndipo nilipojua kwamba na yeye alikuwa amejiandikisha kwa bei ndogo, na kwamba nyumba yake ingetembelewa Alhamisi hiyo hiyo. Sidhani alikuwa amepanga lolote. Ni bahati tu iliyokuja kumpigia hodi ikiwa imevaa kilemba.

"Chukua, mama," akasema. "Chukua vyote vinne. Na meza. Na mapazia pia, madirisha yako ni wazi sana. Na televizyo, mama! Wageni wataketi namna gani bila televizyo?"

Mama alisema hajapata kuona moyo mzuri kama ule. Frigo pia ilitolewa mpaka kizingitini kwetu, lakini haikupita mlangoni, na jirani alisikitika kupita kiasi. Mwishowe aliirudisha chumbani kwake, akaifunika kwa blanketi na kuweka ndoo juu yake. Kwa malipo aliomba kitu kimoja tu: kigoda cha mama cha jikoni. "Ili nisikae chini," alisema, bila hata kucheka.

Alhamisi wakaja. Ajenti aliingia, akasimama katikati ya ule wekundu wote, akasafisha miwani yake. Shefu wa avenyi alikuwa nyuma yake. Shefu ni rika la mama, wamekua pamoja, na tena alikuwa akipita kwa jirani mara kwa mara kutazama mpira kwa jenereta. Aliketi kwenye fotei. Akapapasa mkono wa fotei. Akatazama dirishani upande wa jirani, akatazama fotei tena, halafu akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

"Dada," akaanza shefu, "hivi viti si..."

Mama alimwekea paja la kuku kwenye sahani, na shefu akafunga mdomo.

Kulikuwa na wali, kulikuwa na sombe ya karanga, kulikuwa na yule jogoo katika mchuzi wa mawese. Ajenti alikula kwa adabu, halafu akakumbuka kazi.

"Mama, televizyo hii ni yako?"

"Iko hapa," akajibu mama.

"Na viti hivi?"

"Ukae tu vizuri, usiogope. Ongeza mchuzi."

Hakusema uwongo hata mmoja. Baadaye alinirudishia mazungumzo yote neno kwa neno ili nikubali hivyo. Ajenti alishukuru sana, akagonga gonga simu yake, wakatoka, wakaingia mlango wa pili. Nilichungulia kupitia pazia linalong'aa. Jirani yetu alikuwa amekaa juu ya kigoda cha mama katikati ya chumba kitupu, ameshika shavu, na alipoombwa maji ya kunywa alisema kwa upole kwamba kikombe ni kimoja.

Jibu la mama lilikuja kwa simu yangu wiki iliyofuata, la jirani kwa simu yake. Jirani: bei ndogo. Mama: bei ya kawaida.

Mama alinifanya nisome mara ya pili. "Kawaida," akasema, kama mtu anayeonja chumvi. "Waliona basi."

Nilirudi Kabambare nimenuna. Kwa simu nikasikia habari zilivyoendelea. Mama alinunua umeme kidogo kidogo, kama mtu anunuavyo dawa. Alikuwa na taa mbili, lakini hazikupata kuonana: moja ikiwaka, nyingine ilizimwa. Rozari alisali gizani, kwa maelezo kwamba Bikira Maria anamjua sauti. Kwa jirani frigo ilinguruma mchana na jioni, televizyo ilikusanya avenyi nzima, na yote kwa bei ya watu fulani. Roho ya jirani haikutulia. Kila siku alimletea mama chupa ya maji ya baridi. Mama alisema yanamuumiza jino, na kila siku aliyanywa mpaka mwisho.

Likizo iliyofuata nilikuwepo nyumbani yule ajenti alipobisha tena. Kampuni, alisema, sasa inaangalia matumizi, kwa kuwa konteri, kile kisanduku cha ukutani kinachohesabu umeme, haijui kupamba nyumba. Na konteri ya mama ilimshangaza. Alidhani imeharibika.

Aliingia, akatafuta pa kukaa. Palikuwa na benchi la mbao, meza iliyoegemezwa ukutani isije ikaanguka, na kigoda.

"Mama," akasema, "vile viti vimeenda wapi?"

"Vimerudi kwao."

Ajenti akageuka taratibu, akatazama nje, upande ambako wimbo wa televizyo ulikuwa ukisikika. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akavua miwani. Mama hakucheka, alikuwa ameanza kupuliza moto ili amchemshie chai.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa unakula."

Alipotulia alitoa simu. "Sasa nitaandika: nyumba yenye kipato kidogo."

"Andika: nyumba yenye taa mbili."

"Nafasi ya kuandika hivyo haiko, mama."

Mama akafikiri. "Basi andika vile unataka. Lakini usisome kwa sauti."

Akaandika kimya kimya, akanywa chai yake, akaaga.

Nilitaka kumtania mama. Nilikuwa nimeshaandaa maneno. Lakini alikuwa amekaa karibu na jiko, mikono mapajani, na uso wake ulinizuia.

"Unafikiri sikujua wanakuja kuangalia nini?" akaniuliza. "Nilijua. Baba yako alipokufa, ndugu zake walikuja kuangalia nyumba. Ulikuwa mudogo. Walifungua kila kitu, wakainua hata sufuria kuona chini yake. Mmoja akasema mbele yangu, kumbe humu hakuna kitu. Niliapa siku ile: mutu mwingine akija kuangalia nyumba yangu, atakuta kitu."

Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Nikavuta benchi karibu naye, tukakaa. Baada ya muda akanisukuma kwa kiwiko na kuniambia chai yangu inapoa.

Jirani alihamishiwa bei ya kawaida mwezi huo huo. Alikuja kutuambia mwenyewe, anacheka, ameleta samaki wa mto Lualaba aliyeganda kama jiwe. "Mama," akasema, "fotei zangu zilikupendeza sana. Wakija tena, uzichukue tena." Wakacheka wote wawili mpaka mama akashika ubavu, kisha wakala pamoja yule samaki ambaye hata kisu kilimkataa kwa muda mrefu.

Siku hizi mama huwasha taa zote mbili kwa pamoja. Wanawake wa parokia humjia kuuliza namna ya kupata bei ndogo, naye huwafundisha kwa ukali kuliko ninavyofundisha mimi: mpate ushahidi wa shefu, msikope viti, msichinje kuku. Neno maskini halitaji. Anasema ni bei ya watu wanaojua kutumia.

Juzi nilifika na kompyuta yangu, nikiwa na mitihani ya kusahihisha. Nikachomeka waya ukutani. Sijakaa hata vizuri, mama akauchomoa.

"Utanitoa mu bei ndogo," akasema, akanikabidhi kompyuta mikononi. "Peleka kwa jirani. Yeye iko na feza."