Jiwe la Sylvanus

Sylvanus alirudi kwao Kirua Vunjo kutoka machimbo ya tanzanite ya Mererani na vitu viwili: kikohozi, na jiwe la bluu lililofungwa kwenye kitambaa. Kikohozi kila mtu alikisikia. Jiwe alimwonyesha mkewe Aikaeli peke yake.

"Hili ndilo nililolifukuzia ujana wangu wote," alimwambia. "Tutaliuza siku ya shida."

Aikaeli alijua kidogo habari za mawe. Mumewe ndiye aliyemfundisha, enzi zile akija likizo na mfuko wa vipande. Tanzanite haikwaruziki kwa msumari. Jiwe linalokwaruzika ni laini, na unga wake ukitoa povu kwenye siki, basi ni jamii ya chokaa. Lakini hili la bluu Sylvanus hakuruhusu lijaribiwe. "Utalitia kasoro," alisema.

Kifua kikamzidi. Hospitalini mjini wakaambiwa mapafu yamejaa vumbi la mwamba, na dawa ya kulitoa hakuna. Ikawa analala ameketi, Aikaeli akimlisha mtori wa ndizi kwa kijiko.

"Baba, tunangoja shida gani nyingine?" akauliza kijana wao Jovin, ambaye mama yake alikuwa amemwambia habari za jiwe. "Nipe hilo jiwe nilipeleke Moshi kwa dalali wa madini."

Sylvanus akalitoa jiwe kwenye kitambaa. "Dalali atakucheka," akasema. "Mama Jovin, lete msumari. Na siki."

Alilikwaruza mwenyewe. Msumari ukazama, ukaacha mfereji mweupe. Aikaeli akadondoshea siki juu ya unga ule. Povu likainuka kidogo, likafa.

"Ulikuwa unajua?" Aikaeli akamwuliza.

"Nilikuwa naogopa kujua."

Tangu siku hiyo alikataa chakula. Masika yalipoanza akafa, wakamzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba, mvua ikijaza kaburi kabla hawajalifukia.

Matanga yalipokwisha, Aikaeli alimkuta Jovin mlangoni na begi mgongoni.

"Naenda Mererani, mama. Baba alichimba mahali pabaya tu."

Aikaeli alimshika shati. Alimsihi, akamtajia kifua cha baba yake, akamlilia kwa Kichagga kama alivyokuwa akimbembeleza utotoni. Jovin akavifungua vidole vya mama yake kimoja kimoja, polepole, bila hasira, akateremka kuelekea barabarani.

Zizini ng'ombe alikuwa akilia njaa. Aikaeli hakwenda kumkatia majani.