Pete Kwenye Jiwe la Kunawia

Pete niliyoichimbua kando ya ziwa asubuhi ile ilikuwa ya mwanamume ambaye, saa hiyohiyo, alikuwa nyumbani kwake Kiseke amevaa pete yake ya ndoa kidoleni. Mkewe ndiye aliyeitambua, mbele yangu. Nianze mwanzo.

Mashine yangu ya kutafutia madini niliinunua kwa mchimbaji mdogo wa Geita aliyechoka na mashimo akaamua kufuga kuku. Yeye alitafutia dhahabu ya porini. Mimi naitumia ufukweni, kutafuta vitu watu walivyopoteza. Madereva wa bodaboda wakiniona na spika masikioni huniuliza kama nimeshaipata mali aliyoifukia Mjerumani. Mimi huwajibu kwamba Mjerumani ametuachia visoda vya chupa tu.

Mwaka wa kwanza sikupata hata hereni, na kosa lilikuwa langu. Nilichoka kuchimba takataka, nikaiwekea mashine kichujio, inyamaze kila inapopita juu ya karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara au kishikio cha kopo la bia. Sikujua kwamba pete nyembamba ya dhahabu hulia sauti hiyohiyo na kuonyesha namba hiyohiyo kwenye kioo cha mashine. Yaani nilikuwa nimeiamuru mashine iiruke dhahabu.

Siku nilipokiondoa kichujio, kazi ikaanza. Msumari unakoroma. Kisoda kinalia vizuri ukikipitia katikati, lakini ukirudi kwa pembeni sauti inakatika. Dhahabu haina kelele. Sauti yake ni laini na haibadiliki, upite kutoka kushoto au kulia. Kishikio cha kopo nacho hufanya hivyo, kwa hiyo hapo hakuna ujanja: unachimba. Kitu kikishatoka ardhini hakinisumbui tena. Shaba hutoka imeota ukijani. Chuma kilichopakwa rangi hukamatwa na sumaku niliyoitoa kwenye redio mbovu. Dhahabu hutoka matopeni kama ilivyoingia, na kiganja husikia uzito wake kabla jicho halijaamua.

Aliyenifuata kuomba msaada ni jirani yangu, mwalimu mstaafu. Yeye na mumewe ni watu wa Kagera, na Jumamosi iliyokuwa inakuja walikuwa wafanye jubilei ya ndoa yao kanisani. Kadi zilishagawiwa, ndugu wa Bukoba walishakata tiketi, na padri alishasema pete zitabarikiwa upya.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Funga mlango.”

Nikafunga.

“Pete yangu imenitoka bustanini, leo wiki. Mzee nimemwambia kidole kimevimba, nimeiweka kabatini.”

“Akasemaje?”

“Akasema pole. Basi! Ndicho kinachonitisha. Yule mtu chai ikipoa tu, mtaa mzima unajua.”

Wana bustani ya mchicha na nyanya kando ya ziwa, na ukingoni kuna jiwe bapa. Wakimaliza kupalilia hunawa hapo kwa sabuni, yeye na mumewe, miaka yote. Niliposikia habari ya sabuni na maji baridi sikuuliza zaidi. Kidole kikipoa husinyaa, na sabuni humalizia kazi.

Jumanne asubuhi tulikuwa kwenye jiwe. Mlio wa kwanza ulikuwa kishikio cha kopo. Wa pili ulikatika pembeni, nikauacha. Wa tatu ulikuwa laini, haubadiliki, chini kidogo ya kina cha kiganja. Nilipogeuza bonge la udongo pakang'aa njano, mwalimu akaanza kigelegele. Hakukimaliza. Aliichukua, akaivaa, ikazunguka kidoleni kama bangili. Akaivua na kusoma ndani. Palikuwa pamechongwa herufi za majina yake mwenyewe, kama pete ya mume inavyobeba jina la mke, na mwaka wa ndoa yao.

“Hii ni ya mzee.”

“Si anayo?”

“Anayo. Asubuhi amekunywa chai nayo.”

Akakaa juu ya jiwe, miguu majini, viatu na vyote.

“Basi hii itakuwa ya bandia,” alisema. “Kuna mtu kaiga.”

“Mwalimu, hiyo ni dhahabu.”

“Usinijibu harakaharaka kama mwanafunzi. Umeipima wapi?”

Nilijua kwa nini anataka nikosee. Ikiwa hii ni ya kweli, basi ile iliyokunywa chai ni kitu kingine, na mumewe anajua. Tukaenda mjini Nyamagana, kwa sonara. Aliisugua kwenye jiwe lake jeusi, ukabaki mchirizi wa njano, akaudondoshea tindikali. Mchirizi haukufutika.

“Mama,” sonara alisema, “hii hata uilaze kwenye betri ya gari, kesho itaamka hivihivi.”

Mwalimu aliikunja kwenye pindo la kitenge. Tulipofika nje ndipo alipocheka, amejishika kiuno, watu wakigeuka kumtazama.

“Mimi wiki nzima silali, kumbe mwenzangu alipoteza yake, akavaa bandia, na amelala miaka yote! Usimwambie. Na yangu endelea kuitafuta.”

Jioni nilipita kumsalimu mzee. Alinipa mkono nami nikautazama vizuri. Pete ilikuwa shaba, iliyosuguliwa kwa bidii, na ngozi chini yake ina mstari wa kijani. Sikuhitaji jiwe wala tindikali.

Jumatano hadi Ijumaa nilichimba kando ya jiwe lile. Nilitoa visoda visivyo na idadi, kijiko na hereni ya bati. Pete ya mwalimu sikuipata, na nilimwambia hivyo bila kupamba.

Jumamosi nilikaa benchi la tatu. Padri alipoomba pete, mzee alivua yake na kuiweka kwenye sahani. Mwalimu alifungua leso, akaweka ya pili kando yake. Mzee alitabasamu, bila shaka alidhani kidole kimepona. Zikabarikiwa zote mbili. Mwalimu akawahi, akaichukua ile ya dhahabu na kumvisha mumewe. Mzee aliufungua na kuufumba mkono, akausikia uzito. Akaitazama pete, akamtazama mkewe, mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko. Kwenye sahani ilikuwa imebaki shaba. Aliichukua akamvisha, na kwa kuwa ilimpwaya, mwalimu alikunja ngumi ili isidondoke. Kanisa zima lilipiga vigelegele bila kujua linashangilia nini.

Anaivaa hadi leo, ameizungushia uzi kwa ndani ikae. Nilipomuuliza kama niendelee kuitafuta yake ya dhahabu, alisema shauri langu.

Nimerudi kwenye jiwe mara nne. Mara mbili za mwisho nilikuta vishimo vidogo, vya kuchimbwa kwa mkono, upande wa jiwe ambao sikuwa nimeufikia. Si vyangu; mimi hufukia vyangu. Nilimtajia mwalimu, akashangaa. Nilimtajia mzee, akaniuliza bei ya mbolea.