Kadi ya Kuuguza

Jina la Mama Kengele hakujipa mwenyewe. Alipewa na maprofesa, kwa siri, kwa sababu ya ile saa ya kupimia mapishi aliyoitoa jikoni kwake na kuiweka juu ya meza ya ofisi. Kila asubuhi aliizungusha, na kila mtu alipofikisha dakika zake mbili ililia, na aliyekuwa anasema alinyamaza hata kama neno lilikuwa bado mdomoni. Alipolisikia jina hilo mara ya kwanza alicheka mpaka akafuta machozi. Siku hizi ukimwita hivyo anageuza uso.

Alikuwa mratibu wa muungano wa vyuo vikuu sita. Vyuo hivyo vilikubaliana kufundisha shahada moja kwa pamoja, mwanafunzi aanzie hapa amalizie kule, na alama zake zimfuate. Kukubaliana hakukuwa na taabu. Wakubwa walipeana mikono, wakapiga picha. Kazi ndiyo iliyogoma. Kila chuo kilikuwa na kamati, kila kamati na mwenyekiti, na kila mwenyekiti alitaka barua yenye jina lake na vyeo vyake vyote bila kimoja kusahauliwa. Mama Kengele aliijua mikutano ya watu hao tangu akiwa karani kijana. Ilifunguliwa asubuhi, na mchana ukawakuta bado wanashukuriana kwa kufika.

Basi alipopelekwa kozi ya wiki moja na kufundishwa namna mpya ya kuendesha kazi, aliipokea kwa mikono miwili. Kazi kubwa ikatwe vipande. Kila kipande kiandikwe kwenye kadi, na kadi zipangwe ubaoni zionekane na wote: zinazongoja, zinazofanyika, zilizokwama, zilizokwisha. Kila awamu iwe fupi, na kabla ya kila awamu vyuo vipige kura ni kadi zipi ziingie kazini. Na kila asubuhi watu wakutane kwenye skrini robo saa tu, wamesimama, kila mmoja ajibu maswali matatu: jana umefanya nini, leo unafanya nini, na nini kinakukwamisha.

Salamu alizifuta. Hilo hakufundishwa kozini, lilitoka kichwani mwake. Aliwaza vyuo sita vikisalimiana kama watu wanavyosalimiana, kuanzia hali ya mtu mwenyewe, watoto, kazi, mpaka wagonjwa wa nyumbani, akaona robo saa yote imeliwa. "Tusalimiane kwa ujumbe," alisema. "Hapa tuje na kazi." Profesa mmoja mzee mwenye goti bovu, mkuu wa kitivo katika chuo kikubwa kuliko vyote, aliuliza kama na kusimama nako ni lazima. Akaambiwa ni lazima. Akasimama ameegemea kabati, uso umekunjamana, na Mama Kengele akaona raha kidogo moyoni kumsimamisha mtu ambaye zamani alimwacha yeye amesimama mlangoni na mafaili mikononi.

Na kazi ilikwenda, tusimnyime haki yake. Mambo yaliyokuwa yamelala tangu picha ile ya kupeana mikono yaliamka. Kadi zilihama ubaoni kutoka kushoto kwenda kulia, na kila iliyofika mwisho aliibandika mwenyewe kwa kidole gumba, akaibonyeza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Katika chuo kidogo kuliko vyote, msajili alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa pekee. Hakumwingiza yeye kwenye mradi, alimkuta humo. Lakini alipomwona kwenye skrini siku ya kwanza alijua maneno hayatakosekana, kwa hiyo jioni akampigia simu.

"Shemeji, kule mkutanoni mimi ni Mratibu, wewe ni Msajili. Undugu tuuache nyumbani, watu wana midomo."

"Nimeelewa, shemeji," alijibu, na wote wakacheka.

Kesho yake Msajili alimwita shemeji tena mbele ya vyuo vyote, na keshokutwa vilevile. Ulimi ulikuwa umezoea. Mama Kengele akawa anamkata kauli kwa ukali kuliko wengine, ili watu waone.

Huyo shemeji alikuwa mtu wa taratibu. Hakuweza kumrukia mtu na shida kabla ya kumjulia hali. Na kujuliana hali kunajulikana kunavyokwenda: ukiulizwa habari za nyumbani unajibu nzuri kwanza, hata kama paa limeng'oka usiku, halafu unavuta pumzi, unasema "ila", na baada ya hiyo "ila" ndiyo inakuja habari yenyewe. Mama Kengele alidhani amefuta porojo. Alikuwa amefuta mlango pekee ambao mtu wa namna ile angeupitia.

Maana mdogo wake alikuwa mgonjwa. Ni uvimbe wa tumboni, uliogunduliwa kwa kuchelewa, na madaktari hawakuficha kwamba siku zake si nyingi. Dada mtu hakujua. Alichojua ni kwamba tumbo linamsumbua mdogo wake kidogo, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa kwenye simu za haraka haraka.

"Dada, una nafasi?"

"Naingia mkutanoni, mdogo wangu. Nikupigie jioni?"

"Haya, jioni."

Na jioni ilikuwa na ripoti. Mgonjwa alikuwa amemwambia mumewe, "Dada nitamwambia mimi mwenyewe. Wewe hujui kusema, utamtisha bure." Baada ya muda mume akamuuliza kama ameshamwambia. Akajibu kwamba ameshamwambia. Ukweli ni kwamba alipiga simu, akaisikia ile sauti ya mtu anayetembea huku anaongea, akaishia kuulizia duka la vitambaa vya mapazia. Mapazia! Na mumewe akakaa akiamini kwamba shemeji yake anajua kila kitu na amejikaza kwa sababu ya kazi.

Wakati huo wakaguzi wa wafadhili walikuwa njiani. Walitaka kuona alama za wanafunzi wa kwanza zikivuka kutoka chuo hadi chuo, la sivyo muungano uvunjwe na ofisi ya Mama Kengele ifungwe. Katika kile chuo kidogo, aliyekuwa na uwezo wa kuzivusha ni msajili peke yake. Asubuhi moja zamu yake ilipofika, aliyajibu maswali mawili, akafika la tatu.

"Shemeji... samahani, Mratibu. Kwa ujumla ni nzuri, ila kule nyumbani..."

Saa ikalia.

"Andika kadi, Msajili," alisema Mama Kengele. "Tunaendelea."

Akaandika kadi. Kadi zilikuwa na nafasi ya maneno machache tu, kwa amri ya Mama Kengele mwenyewe, ambaye maelezo marefu aliyaita ugonjwa wa vyuo vikuu. Kwa hiyo ilisomeka: "Msajili, ruhusa ya kuuguza, wiki mbili."

Mama Kengele aliisoma mara moja. Mawazo yake yalimwendea mama mzazi wa shemeji, bibi aliyekuwa wa kuuguzwa tangu siku ya harusi yao, leo mguu, kesho kifua, na bado yupo. Bi mkubwa kaanza tena, alijisemea. Hakuuliza. Kumuuliza mbele ya watu kungekuwa undugu. Kumuuliza pembeni kungekuwa undugu wa kuficha. Akaichukua kadi ile akaiingiza kwenye kura pamoja na nyingine.

Ilipata kura moja, ya profesa mwenye goti bovu. Wengine waliogopa wakaguzi.

"Mimi nashangaa," alisema profesa, bado ameegemea kabati lake. "Mtu akiomba kwenda kuuguza huwa hatupigi kura. Huwa tunauliza nani mgonjwa."

"Profesa, dakika zako zimekwisha."

Msajili alikuwa akimtazama Mama Kengele. Kwenye skrini huwezi kujua mtu anamtazama nani, lakini siku ile alijua. Alikuwa anamngojea kwa subira, bila hasira, kama anayemngojea mtu ambaye neno lake moja lingetosha. Mama Kengele aliangalia ubao. Akasema kwamba mratibu haingilii kura, na kwamba kadi itangoja awamu ijayo. Kisha akauliza, "Kuna kikwazo kingine, Msajili?"

"Sina," alisema.

Tangu siku hiyo jibu lake la swali la tatu likawa hilo hilo. Sina kikwazo. Kazi yake aliifanya, tena vizuri. Kuna asubuhi alijiunga akiwa mahali pengine, nyuma yake ukuta uliopakwa rangi ya kijani nusu ya chini na nyeupe nusu ya juu, na sauti ya magurudumu ikapita karibu naye. "Msajili, zima kipaza sauti, kuna kelele huko kwako," Mama Kengele alimwambia. Akazima. Akaongea na wenzake kwa maandishi mpaka mkutano ukaisha.

Alama zilivuka. Wakaguzi waliridhika, hata wakaomba kupiga picha ubao. Vyuo vyote vilipiga makofi kwenye skrini, na profesa akaruhusiwa kukaa. Mama Kengele alikuwa bado ameishika kadi ya mwisho mkononi, hajaibandika, simu yake ilipoita. Alikuwa binti wa mdogo wake.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Nzuri. Ila mama jana alikuulizia mchana kutwa, na leo haongei."

"Haongei vipi? Kakasirika?"

Mtoto akasema kwa sauti ya chini, "Mama mkubwa, si baba alisema unajua?"

Alisafiri kwa nguo alizokuwa amevaa. Kwenye basi alitaka kumpigia shemeji, akairudisha simu mkobani. Alipoingia hospitali akaulizia wodi, akapelekwa kwenye ushoroba mrefu, na hapo akasimama ghafla. Ukuta ulikuwa wa kijani nusu ya chini, nyeupe nusu ya juu. Muuguzi alipita akisukuma kitoroli cha dawa, na magurudumu yakapiga kelele ile ile.

Mdogo wake alikuwa anapumua. Macho hayakufunguka. Mama Kengele alimshika mkono, ukawa mwepesi kiasi kwamba aliogopa kuushika vizuri, akamweleza kwamba amekuja, kwamba duka la vitambaa lipo na watakwenda wote. Alimwambia maneno mengi ambayo kila moja lilikuwa na nafasi yake miezi ile yote. Kesho yake mchana pumzi ilikatika, yeye, shemeji na binti wakiwa wote watatu kando ya kitanda.

Nje, ushorobani, alimgeukia shemeji yake kwa ghadhabu, maana alihitaji kumlaumu mtu.

"Kwa nini hukuniambia?"

Shemeji alikuwa ameketi kwenye benchi, viatu havijafungwa kamba.

"Aliniambia unajua," alisema. "Mimi nilidhani unajua, na bado ukaniambia niandike kadi."

Mama Kengele alikaa chini, sakafuni, kama alivyo.

Baada ya msiba alirudi kazini, kwa kuwa hakujua pa kwenda pengine. Saa ya jikoni aliitia kwenye droo. Asubuhi ya kwanza aliwaambia watu wakae, na akasema kwamba kuanzia leo watasalimiana kwanza, hata kama mkutano utachukua saa nzima. Walisalimiana. Walimpa pole. Profesa mwenye goti bovu alieleza habari za wajukuu wake mmoja mmoja, na hakuna aliyemkatiza. Ikafika zamu ya chuo kidogo. Msajili alikuwa ofisini kwake, shati limepigwa pasi vibaya, faili mbele yake.

"Shemeji," alisema Mama Kengele, mbele ya vyuo vyote, "habari za nyumbani?"

"Nzuri."

Akangoja. Wote wakangoja, hata profesa aliinamisha kichwa. Mama Kengele aliitegea ile "ila" kwa mwili mzima, iwe ya mtoto asiyelala, iwe ya nyumba ilivyo kimya, iwe ya kumtukana yeye, angeipokea yoyote.

"Ni nzuri tu, Mratibu," alisema. "Jana nimemaliza orodha za mitihani. Leo naanza za muhula ujao. Kikwazo sina."

Hakumwita shemeji tena, si mkutanoni, si nyumbani.